Mtu wa Tatu: Ohio State na ubingwa wa msimu wa 2014

Robo ya nne ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Jumamosi, tarehe 29 Novemba 2014, mjini Columbus, Ohio, uwanja umefurika watu zaidi ya 100,000 na wenyeji, timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo kikuu cha Ohio State, wanaongoza 28 kwa 21 mbele ya watani wao wa jadi, chuo cha Michigan. J.T. Barrett, kwotabeki wao, yaani mwongoza mashambulizi, kijana aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza wa kucheza, akauchukua mpira, akakimbia nao, akaangushwa. Hakuinuka. Kifundo cha mguu wa kulia kilikuwa kimevunjika. Devin Gardner, anayecheza nafasi hiyohiyo upande wa Michigan, akaja akapiga goti kando yake kumpa pole, na kwa dakika chache utani wa zaidi ya miaka mia ukawekwa pembeni. Kisha kigari kikamtoa Barrett, na kijana mwingine akavaa kofia akaingia.

Jina lake Cardale Jones, jezi namba 12. Miezi mitatu na nusu kabla ya hapo alikuwa mtu wa tatu kwenye foleni ya nafasi ile. Siku 44 baadaye alikuwa bingwa wa taifa.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama ngano: kijana aliyesahauliwa benchini anaingia, anapiga mechi tatu, anaondoka na kombe. Ngano hiyo ni tamu, na mimi mwenyewe kila nikiiangalia nusu fainali yao ya New Orleans roho hunidunda kana kwamba sijui itakavyoisha. Lakini imeacha nje jambo kubwa. Nikiupitia msimu ule mechi kwa mechi, naona kwamba Jones hakuja kuokoa timu iliyokuwa inazama. Alikuja kujibu swali ambalo timu ilikuwa imeulizwa mwezi Septemba, ikashindwa kulijibu mbele ya watu wake. Ili swali hilo lieleweke, kwanza nieleze mchezo wenyewe kwa msomaji aliyezoea soka.

Katika mpira wa Kimarekani timu huwa na watu 11 uwanjani. Inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, yaani kama mita tisa. Ikifaulu inapata majaribio mengine manne, isipofaulu mpira unakwenda kwa wapinzani. Mpira unaweza kusogezwa kwa kukimbia nao au kwa kuurusha mbele kwa mkono. Ukifika nao mwisho wa uwanja umepata tachidauni, pointi sita, na teke la nyongeza huongeza moja. Kila jaribio huanzia mikononi mwa mtu mmoja, kwotabeki. Yeye ndiye husoma ulinzi, huamua kama atampa mkimbiaji au atarusha, na ndiye watu wenye kilo 130 wanamfuata kumwangusha. Mbele yake husimama wazuiaji watano ambao kazi yao ni kuzuia tu. Hawakimbii na mpira, hawafungi, majina yao hayaimbwi. Wakumbuke hao watano, maana nitawarudia.

Kocha mkuu alikuwa Urban Meyer, mtoto wa Ohio, mzaliwa wa Toledo. Alikuwa ameshachukua ubingwa wa taifa mara mbili akiwa na Florida, msimu wa 2006 na wa 2008, na ule wa kwanza aliuchukua kwa kuifunga Ohio State yenyewe 41 kwa 14. Alikabidhiwa timu hii Novemba 2011, ikiwa imetoka kwenye kashfa ya wachezaji kubadilisha zawadi na kumbukumbu zao za michezo kwa kuchorwa tatuu na kupewa fedha. Mwaka 2012 Ohio State ilishinda mechi zote 12, lakini ilikuwa imefungiwa, kwa hiyo haikucheza fainali yoyote. Mwaka 2013 ikashinda 12 nyingine mfululizo, kisha ikafungwa mbili za mwisho, na Michigan State kwenye fainali ya ligi yao ya Big Ten, na Clemson kwenye Orange Bowl, mechi ya mwaliko ya mwisho wa msimu. Kila mtu aliamini 2014 ndio mwaka, kwa sababu kwotabeki Braxton Miller, mchezaji bora wa ushambuliaji wa ligi mara mbili mfululizo, alikuwa anarudi kwa msimu wake wa mwisho.

Tarehe 18 Agosti, siku 12 kabla ya mechi ya kwanza, Miller alirusha pasi ya kawaida mazoezini, bila kuguswa na mtu, na bega likaachia. Msimu wake ukaishia hapo. Wa pili alikuwa Barrett, kutoka Wichita Falls, Texas, ambaye hajawahi kucheza hata dakika moja ya mechi ya chuo. Alikuwa amempita Jones kwenye mazoezi ya majira yale ya joto. Jones, aliyemaliza mazoezi ya masika akiwa wa pili, akajikuta wa tatu. Kisha kwa jeraha la mwenzake akapanda tena hadi wa pili. Wengi tumewahi kuwa kwenye foleni ya namna hiyo, ukisogea mbele kwa sababu ya msiba wa mwingine, hujui ufurahi au ulie.

Walianza kwa kuifunga Navy 34 kwa 17 mjini Baltimore. Wiki iliyofuata, tarehe 6 Septemba, Virginia Tech walikuja Columbus usiku.

Mechi hii ndiyo moyo wa kisa. Kati ya wazuiaji watano wa msimu uliopita, wanne walikuwa wameondoka. Aliyebaki ni Taylor Decker peke yake, naye alikuwa amehamishwa upande mwingine wa mstari. Virginia Tech waliliona hilo wakafanya hesabu rahisi. Waliwajaza walinzi wao mbele, karibu kabisa na mpira, wakaziba kila njia ya kukimbia, na nyuma wakawaacha mabeki wao kila mmoja na wake, mtu kwa mtu, bila msaada. Ni mpango wa hatari, kwa sababu pasi moja ndefu ikifika mahali pake ni tachidauni. Walichokuwa wanamwambia Barrett ni: rusha, tuone. Barrett alirusha 29, zikafika tisa. Tatu zilinaswa na wapinzani. Aliangushwa na mpira mkononi mara saba. Mwisho, timu ikihangaika kusawazisha, pasi ya mwisho ikanaswa na kukimbizwa hadi tachidauni. 35 kwa 21, nyumbani.

Watu wengi waliwatoa kwenye mbio za ubingwa usiku uleule. Mimi naona usiku ule uliwapa mambo mawili. La kwanza ni aibu, ambayo kwa vijana wa miaka 19 na 20 ni mwalimu mkali, hasa kwa wale wazuiaji wapya chini ya kocha wao Ed Warinner. La pili ni kwamba mpango wa kuwashinda sasa ulijulikana na kila kocha Marekani. Kila atakayekutana nao angeujaribu, na kila wiki wangefanyishwa mtihani uleule upya. Timu inayoshinda kwa kubahatisha mwanzoni haipati nafasi ya kujua udhaifu wake mapema hivyo.

Walijibu. Kent State 66 kwa 0, Cincinnati 50 kwa 28, Maryland 52 kwa 24, Rutgers 56 kwa 17. Barrett akawa anautoa mpira mapema, pasi fupi za pembeni, kabla walinzi hawajamfikia. Usiku wa Penn State waliponea chupuchupu. Barrett alicheza akiwa ameumia goti, mechi ikaingia muda wa nyongeza mara mbili, na ikaisha pale Joey Bosa alipomsukuma mkimbiaji wa Penn State kinyumenyume hadi akamgonga kwotabeki wake mwenyewe, wote wakaenda chini. 31 kwa 24. Tarehe 8 Novemba wakaenda East Lansing kwa Michigan State, wale waliowanyima fainali ya taifa mwaka uliotangulia, wakawapiga 49 kwa 37. Wiki iliyofuata, kwenye theluji ya Minnesota, Barrett alikimbia yadi 86 hadi mwisho. Kufikia siku ya Michigan alikuwa amehusika moja kwa moja na tachidauni 45, za kurusha 34 na za kukimbia 11, rekodi ya Big Ten. Alimaliza wa tano kwenye kura za Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, akiwa mtoto wa msimu wa kwanza. Nayasema haya kwa sababu ngano ya Jones humsahau Barrett. Timu haikuwa inamsubiri mkombozi. Ilikuwa na kwotabeki mzuri sana, ikampoteza.

Sasa Jones. Alizaliwa na kukulia Cleveland, akasoma Glenville, shule ambayo kocha wake, Ted Ginn Sr., amepeleka vijana wengi Ohio State. Ni mtu wa karibu mita mbili, kilo zaidi ya 110, na mkono wake unarusha mpira mbali kiasi kwamba walinzi hulazimika kurudi nyuma hata kama hawataki. Kabla ya kuingia chuoni alipitia Fork Union, shule ya kijeshi huko Virginia, ambako alikaa chumba kimoja na Michael Thomas, naye akaja kuwa mpokeaji wa Ohio State.

Lakini nchi nzima ilimjua kwa jambo jingine. Oktoba 2012, akiwa na miaka 20, aliandika Twitter kwamba haoni kwa nini waende madarasani wakati walikuja kucheza mpira. Hatukuja hapa, akasema, kucheza shule. Sentensi ile ilimganda kama tope la mfinyanzi. Kila akitajwa, inatajwa. Mimi sikuwahi kuiona kuwa ya ajabu. Ni maneno ya kijana anayeona kocha wake akilipwa mamilioni ya dola kwa mwaka, uwanja ukijaa, televisheni zikilipia haki za matangazo, na yeye akipata karo, chakula na mahali pa kulala. Haki ya wachezaji wa vyuo kupata fedha kwa jina na sura zao ilikuja Julai 2021, miaka karibu tisa baadaye. Alikosea kuidharau elimu, ndiyo. Alichokiona kuhusu mpira kilikuwa kweli.

Baada ya Michigan, mechi iliyokuwa mbele ni fainali ya Big Ten dhidi ya Wisconsin, Indianapolis, tarehe 6 Desemba. Wiki ile haikuwa ya mpira peke yake. Mwenzao mmoja wa kikosini alikuwa amepotea siku kadhaa, na siku moja baada ya mechi ya Michigan alikutwa amefariki. Michael Bennett, nahodha na mlinzi wa katikati, aliivua namba yake 63 akavaa 53, namba ya marehemu. Hivyo ndivyo walivyoingia uwanjani: na msiba, bila kwotabeki wa kwanza, bila wa pili. Wisconsin ndio waliopewa nafasi kubwa ya kushinda. Walikuwa na Melvin Gordon, mkimbiaji aliyeshika nafasi ya pili kwenye Heisman mwaka ule.

59 kwa 0.

Matokeo yale si ya kawaida hata kidogo kwa fainali ya ligi kubwa, na hapa ndipo ninapoona jibu la Septemba. Wisconsin, kama kila mtu, walikuwa na sababu ya kuujaribu mpango wa Virginia Tech: kwotabeki mpya, mechi yake ya kwanza kuanza tangu afike chuoni. Jones akatazama juu, akamwona Devin Smith na beki mmoja, akaurusha mpira mbali na juu, na Smith akaenda kuuchukua hewani. Akafanya hivyo tena. Na tena. Tachidauni tatu za pasi, zote kwa Smith. Pasi 12 kati ya 17, yadi 257. Walinzi waliporudi nyuma kuziba pale, mbele pakawa na nafasi, na Ezekiel Elliott akapita humo kwa yadi 220, mara moja akikimbia yadi 81 bila kusimama. Upande wa pili Gordon alizuiwa kwa yadi 76 katika mikimbio 26, na Bennett mwenye jezi ya marehemu alilazimisha mpira kudondoka mara mbili; mmojawapo Bosa akaufikisha tachidauni.

Barrett alikuwa mwamuzi mzuri kuliko Jones, mwenye miguu myepesi na jicho la haraka. Jones alikuwa na kitu kimoja ambacho Barrett hakuwa nacho kwa kiwango kile, nacho ndicho hasa mpango wa Septemba ulikuwa umecheza kamari kwamba hakipo: tishio la kurusha mbali. Sisemi timu ilikuwa bora bila Barrett. Nasema ilikuwa timu nyingine, iliyofungwa kwa funguo tofauti, na wapinzani walikuwa wameshika ule wa zamani. Sifa ya kuliona hilo na kuupanga upya mchezo ndani ya wiki moja ni ya Tom Herman, kocha wa ushambuliaji na wa makwotabeki, aliyewafundisha wote watatu na akapewa tuzo ya kocha msaidizi bora mwaka huo. Hakumwomba Jones awe Barrett.

Usiku uleule hoja ikahamia kwenye chumba cha kamati. Huu ulikuwa mwaka wa kwanza wa mtoano wa vyuo. Kwa miaka 16 iliyotangulia, 1998 hadi 2013, timu mbili tu ndizo zilizochaguliwa kwa mchanganyiko wa kura na hesabu za kompyuta, zikacheza fainali moja. Sasa zingechaguliwa nne na kamati ya watu, chini ya mwenyekiti Jeff Long, mkurugenzi wa michezo wa Arkansas. Hata Condoleezza Rice, waziri wa zamani wa mambo ya nje, alikuwa mjumbe. Orodha ya kwanza ya kamati, mwisho wa Oktoba, iliiweka Ohio State ya 16. Kabla ya wiki ya mwisho ilikuwa ya tano. TCU, chuo cha Texas, ilikuwa ya tatu, na siku ileile ya Wisconsin ikaifunga Iowa State 55 kwa 3. Jumapili, tarehe 7 Desemba, orodha ikasomwa: Alabama, Oregon, Florida State, Ohio State. Baylor, nacho cha Texas, ya tano. TCU ya sita.

Kuifunga timu kwa pointi 52 na kushuka nafasi tatu: watu wa Texas walipiga kelele na walikuwa na haki ya kupiga. Baylor na TCU zilikuwa zimepoteza mechi moja kila moja, sawa na Ohio State, na mechi waliyokutana wao kwa wao Baylor ilishinda 61 kwa 58. Lakini ligi yao, Big 12, wakati ule haikuwa na fainali, na iliwatangaza wote wawili kuwa mabingwa pamoja. Kamati haikupata bingwa mmoja wa kumnyooshea kidole. Ohio State ilicheza mechi ya 13 ikachukua kombe la ligi. Naamini uamuzi ulikuwa sahihi, ila naamini pia kwamba kama Wisconsin ingefungwa kwa tofauti ya pointi tatu au nne, Ohio State ingebaki nje. Kamati ilikuwa na shaka moja halali: je, timu hii ni ileile bila Barrett? Mtu wa tatu hakutakiwa kushinda tu. Alitakiwa kushinda kiasi cha kuifuta shaka hiyo kabisa, usiku mmoja, akiwa hajawahi kuanza mechi. Ugumu wa jambo lile nadhani bado haujapewa uzito wake.

Na tukumbuke: kwa utaratibu wa mwaka uliotangulia, timu ya nne ingebaki nje ya fainali, na kisa hiki kisingekuwapo.

Nusu fainali ilichezwa tarehe 1 Januari 2015, Sugar Bowl, New Orleans, dhidi ya Alabama ya Nick Saban. Ligi ya Alabama, SEC, ilikuwa imetoa mabingwa saba mfululizo kati ya msimu wa 2006 na wa 2012, na watu wa kusini walikuwa wakiwatazama wa Big Ten kama timu za baridi, kubwa na nzito. Nusu ya kwanza ilionekana kuwathibitishia. Elliott akadondosha mpira, Alabama wakafunga. Pasi ya Jones ikanaswa, wakafunga tena. 21 kwa 6.

Kilichonigusa siku zote ni kwamba hata kwa 21 kwa 6 Ohio State ndio waliokuwa wanasukuma. Walikuwa wakifika karibu, wanatoka na mateke ya pointi tatu badala ya tachidauni. Wale wazuiaji watano walioaibishwa Septemba, Decker, Billy Price, Jacoby Boren, Pat Elflein na Darryl Baldwin, walikuwa wanaihamisha safu ya mbele ya Alabama kidogo kidogo, kila mchezo hatua moja. Elliott akafunga, 21 kwa 13. Zikiwa zimebaki sekunde chache kabla ya mapumziko, mpira ukapewa Evan Spencer, mpokeaji, na mpokeaji huyo akageuka kwotabeki: akaurusha yadi 13 kwenye kona, ambako Michael Thomas aliuchukua kwa mkono mrefu na kuugusisha mguu mmoja ndani ya mstari. 21 kwa 20.

Nusu ya pili ikaanza, na Jones akaurusha yadi 47 kwa Devin Smith, 27 kwa 21. Ni pasi ileile ya Indianapolis. Steve Miller, mlinzi wa mbele ambaye kazi yake si kudaka mpira, akainasa pasi ya Alabama akakimbia nayo yadi 41 hadi mwisho, 34 kwa 21. Alabama wakarudi, 34 kwa 28. Kisha, zikiwa zimebaki kama dakika tatu na nusu, mpira uko yadi 15 kutoka kwenye mstari wao wenyewe, Ohio State hawakurusha, hawakupoteza muda. Walimpa Elliott akimbie upande wa kushoto. Spencer yuleyule akaingia ndani akawafyeka walinzi wawili kwa kizuizi kimoja, na mbele ya Elliott pakabaki zulia tupu. Yadi 85.

Siku hizi watu hukumbuka mbio za Elliott. Mimi naomba, ukiitazama tena, umtazame Spencer. Alirusha tachidauni, akafungua njia ya tachidauni, na Alabama walipofunga tena na kupiga teke fupi la makusudi ili waurudishe mpira, aliyeulalia ni yeye. Msimu wote hakuwa na takwimu za kutisha. Pasi ya mwisho ya Alabama, ndefu, ya kubahatisha, ikanaswa na Tyvis Powell langoni, na ikaisha 42 kwa 35. Elliott alikuwa na yadi 230. Jones aliikamilisha 18 kati ya 35, yadi 243. Si takwimu za nyota, na sidhani kuna aliyejali.

Fainali ya tarehe 12 Januari, Arlington, Texas, mbele ya watu 85,689, nitaipita upesi, kwa maana ugumu ulikuwa umebaki New Orleans. Oregon walikuwa na Marcus Mariota, mshindi wa Heisman, na walikuwa wametoka kuitandika Florida State 59 kwa 20. Ohio State waliupoteza mpira mara nne, kosa ambalo kwa kawaida humaliza timu yoyote kwenye fainali. Wakashinda 42 kwa 20. Hawakuweza kuzuiwa wakikimbia: Elliott yadi 246 na tachidauni nne, na Jones mwenyewe akamgonga mlinzi mkubwa wa Oregon kifua kwa kifua na kuendelea mbele. Jumla ya Elliott katika mechi zile tatu ni yadi 696. Ukitaka kujua nani alishinda ubingwa huo, tarakimu hiyo inawaonyesha wazuiaji watano kuliko inavyomwonyesha mtu yeyote mwenye jezi inayouzwa madukani.

Bahati ilikuwapo. Mtoano wa timu nne ulianza mwaka huohuo. Big 12 ilijikwaa kwa kutangaza mabingwa wawili. Lakini bahati haikuwafundisha wazuiaji, na haikumfanya mtu wa tatu awe wa daraja lile. Mwaka 2016, wachezaji 12 wa Ohio State walichaguliwa na timu za NFL, ligi ya kulipwa, katika uteuzi mmoja, watano kati yao raundi ya kwanza: Bosa, Elliott, Eli Apple, Decker na Darron Lee. Kikosi kilichokuwa na watu hao ndicho kilichomlea Jones mazoezini. Akiba ya timu ile ilikuwa imewekwa miaka mitatu kabla, kijana mmoja mmoja, kutoka Glenville, Wichita Falls na kwingineko. Na hapa nina hoja na wanaosema Jones aliibuka kutoka kusikojulikana. Alikuwa Columbus tangu 2012, akirusha mpira kila siku mbele ya watu 100 na makocha wao. Hakuna aliyekuwa akimtazama, basi.

 

Yaliyofuata hayakuwa ya ngano. Baada ya mechi tatu tu, watu walimshauri Jones aende NFL mara moja. Januari 2015 alirudi Cleveland, akakaa mbele ya kamera, akasema anabaki chuoni. Msimu wa 2015 alianza akiwa wa kwanza, akacheza kwa wasiwasi, na kufikia Oktoba Barrett aliyepona akaichukua tena nafasi. Timu ikapoteza mechi moja tu, 17 kwa 14 dhidi ya Michigan State kwa teke la sekunde ya mwisho, na hiyo moja ikatosha kuwanyima mtoano. Jones alirudi benchini bila kelele. Buffalo Bills wakamchukua raundi ya nne, 2016, na NFL hakupata kazi ya kudumu.

Lakini alirudi kumalizia masomo yaliyobaki. Mei 2017 alipokea shahada yake ya Ohio State, katika masomo ya Waafrika na Wamarekani Weusi. Juu ya kofia yake ya mahafali alikuwa ameandika ile sentensi ya 2012, kwamba mtu mmoja aliwahi kusema hatukuja hapa kucheza shule.